Mwalimu wa Mtandaoni Naye Awe na Usharika

Wanangu,

Mmekuja kwangu jioni mkiniuliza habari ya kuanzisha huduma ya mafundisho mtandaoni kwa jina la vijana wa usharika wetu. Kamera ya kuazima mmeshaipata, jina la huduma mmeshalichagua, na mmoja wenu ameshaanza kurekodi. Wengi wenu niliwafundisha kipaimara, kwa hiyo nawaandikia kama mwalimu wenu na kama babu yenu. Naandika badala ya kusema kwa sababu nataka jambo hili mlisome mkiwa mmetulia, tena mlisome pamoja.

Neno langu ni hili: mtu asiwafundishe watu asiowaona mpaka awe na watu wanaomwona. Awe na usharika unaoijua nyumba yake, unaojua anavyoishi na mke wake au wazazi wake, unaojua hata madeni yake. Awe na mchungaji anayeweza kumwita na kumwambia, hapa umekosea, naye akaitika. Mwalimu wa namna hiyo mpeni kipaza sauti. Asiyekuwa na usharika, hata awe na maneno matamu kiasi gani, mwacheni apite.

Sisemi hivi kwa kuogopa vyombo vipya. Kanisa letu la Kilutheri lilikua mikononi mwa wachapaji. Hoja 95 za Martin Luther, za tarehe 31 Oktoba 1517, ziliandikwa kwa Kilatini ili wasomi wazijadili, lakini kabla mwaka mpya haujakomaa zilikuwa zimechapwa Leipzig, Nuremberg na Basel. Mwaka 1518 akatoa hotuba fupi kwa Kijerumani cha watu wa kawaida, kuhusu vyeti vya rehema na neema ya Mungu. Hiyo ndiyo iliyowasha nchi. Wachapaji wa miji mbalimbali waliirudia tena na tena, na ndani ya miaka michache ikawa imechapwa zaidi ya mara 20. Luther alijifunza haraka kwamba msomaji wa sokoni anataka maandishi mafupi, sentensi nyepesi, na ukurasa wa mbele unaovutia macho. Rafiki yake Lucas Cranach, mchoraji, alimsaidia kwa hilo. Akitokea mzee wa kanisa kuwaambia kwamba Mlutheri hapaswi kufundisha kwa simu na kompyuta, mwelezeni hayo kwa heshima.

Lakini tazameni Luther, yule mtawa, alikuwa nani. Mwaka 1512 alifanywa daktari wa theolojia na akala kiapo cha kufundisha Maandiko. Alikuwa mhubiri katika kanisa la mji wa Wittenberg. Msomaji wa Basel hakumwona, ila mama wa Wittenberg aliyekuja na watoto wake kanisani alimwona, akamjua sauti na hasira zake. Na wapinzani wake walipomshambulia kwamba amejiingiza katika mambo yasiyomhusu, jibu lake lilikuwa kile kiapo: hakujituma, alitumwa.

Halafu ikaja ile miezi ya kufichwa katika ngome ya Wartburg, 1521 hadi 1522. Serikali ya kifalme ilikuwa imemtangaza kuwa mtu asiye na ulinzi wa sheria. Aliyemkuta angeweza kumkamata. Humo ndani alitafsiri Agano Jipya. Huko nyumbani Wittenberg mambo yakaharibika: watu walikuwa wakibomoa sanamu makanisani, ibada zikabadilishwa kwa pupa, na wakaja watu kutoka Zwickau wakidai kwamba Mungu anasema nao moja kwa moja, hawahitaji kitabu. Luther aliandika barua. Kalamu yake ilikuwa na nguvu kuliko kalamu yoyote ya Ujerumani wakati ule, na barua zile hazikutosha. Machi 1522 akatoka mafichoni, akahatarisha maisha yake, akapanda mimbarani na kuhubiri siku nane mfululizo. Vurugu ikatulia. Mtu aliyetumia chombo kipya kuliko wote wa zama zake alijua kuna mahali ambapo chombo hakifiki, akaenda mwenyewe.

Mwaka 1528 alishiriki ukaguzi wa sharika za Saxony. Huko vijijini alikuta watu waliobatizwa wasiojua Sala ya Bwana, na wachungaji wasioweza kufundisha. Ilimuuma sana. Aliporudi akaandika, na mwanzoni mwa 1529 sehemu za Katekisimo Ndogo zikatoka kwanza kama karatasi kubwa za kubandika ukutani, ndipo kikaja kitabu. Ile Katekisimo mliyoikariri mkitetemeka mbele ya wazazi wenu siku ya mtihani ilitoka kwa mwalimu aliyekwenda kuwaona wanafunzi wake walipo. Ndiyo maana imedumu. Maswali yake ni ya mtu aliyekaa mezani na mtoto.

Mnaweza kuniambia kwamba hayo ni ya zamani. Basi njooni karibu.

Desemba 1924, wakufunzi wa Seminari ya Concordia huko St. Louis, Marekani, walianzisha kituo cha redio, KFUO. Mmoja wao, Walter Maier, alikuwa profesa wa Agano la Kale. Tarehe 2 Oktoba 1930 sauti yake ikaanza kusikika nchi nzima katika kipindi cha Saa ya Kilutheri, kilichogharamiwa na chama cha walei wa kanisa lake. Barua zikamiminika. Mwaka uliofuata fedha zikakatika, kipindi kikanyamaza, na mwaka 1935 kikarudi. Maier alihubiri humo mpaka alipofariki Januari 1950, na muda mwingi wa kazi hiyo alikuwa bado mwalimu wa seminari. Mamilioni walimsikiliza bila kumwona. Lakini wapo wanafunzi waliomwona darasani, wakamuuliza maswali magumu ya Kiebrania, wakajua kama anayosema redioni ndiyo anayoamini.

Hapa kwetu, wazee wa umri wangu tulilishwa na redio. Februari 1963 Mfalme Haile Selassie alizindua Addis Ababa kituo cha Redio Sauti ya Injili, mali ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Mwaka huohuo, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, KKKT yetu, na Stefano Moshi akawa Mkuu wake wa kwanza. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya mjini Moshi, kanda zikasafirishwa hadi Addis Ababa, zikarudi kwetu hewani. Tulikuwa tukikaa wengi kuzunguka redio moja. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea, lakini aliyekuwa anasema alikuwa mtu wetu; mara nyingi mtu fulani pale sebuleni alijua ametoka usharika gani na nani alimbatiza.

Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakichukua kituo kile. Mitambo ya thamani kubwa ikabadilisha mwenyewe kwa siku moja. Studio ya Moshi haikufa, na Sauti ya Injili mnaisikia hadi leo kwa sababu ilikuwa na kanisa chini yake. Lifikirini hili, wanangu, kwa maana kurasa mnazotaka kufungua zina wenyewe, na wenyewe wako mbali zaidi ya Addis Ababa. Kampuni inayomiliki mtandao ule ikiamua usiku kufunga ukurasa wenu, hamna ofisi ya kwenda kulalamika. Kama huduma yenu yote iko humo, asubuhi mtaamka hamna huduma. Kama iko usharikani, mtakuwa mmepoteza kipaza sauti tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mchungaji Todd Wilken wa Sinodi ya Missouri, kanisa la Kilutheri la huko Marekani. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha mahojiano ya imani kiitwacho Issues, Etc., katika kituo kilekile cha KFUO. Machi 2008, katika wiki ya mateso, kipindi kilisitishwa. Wasikilizaji wake walikuwa ni watu wa sharika halisi, wachungaji na walei, na kabla ya Julai kipindi kilikuwa kimerudi, safari hii kupitia intaneti, kwa michango yao. Kipo hadi sasa.

Nimewasikiliza na wengine, kwa msaada wa mjukuu wangu anayenitafsiria panaponishinda. Bryan Wolfmueller ni mchungaji wa usharika huko Austin, Texas. Hujibu maswali ya watu kwa video fupi, na mengi ni yaleyale ninayoulizwa hapa: je, nikitenda dhambi ileile mara nyingi bado nasamehewa? Unasikia kabisa kwamba huyu ni mtu anayekwenda hospitali kuwaona wagonjwa. Anayejibu swali la dhambi kwa kusoma vitabu tu hujibu haraka mno. Anayelijibu baada ya kukaa na mtu anayelia huchukua muda, huuliza, halafu humpeleka mtu kwenye ubatizo wake.

Na alikuwepo Rod Rosenbladt, profesa wa Concordia huko Irvine, California, aliyefariki mwaka 2024. Tangu 1990 alikuwa katika kipindi cha redio cha White Horse Inn, akiketi meza moja na ndugu wa Kireformati. Lakini kazi yake ninayowaomba mtafute ni hotuba moja, kuhusu Injili kwa watu waliovunjwa na kanisa. Ilirekodiwa, ikatolewa kwa watu bure, ikaenda mbali kuliko alivyoweza kwenda yeye. Ni kwa ajili ya mtu aliyekuja kanisani akiwa na shauku, akahubiriwa sheria mpaka akachoka, akaondoka akiamini kwamba Mungu amemwacha. Watu hao hatuwaoni Jumapili, maana hawaji. Mtandao unawafikia chumbani mwao saa nane usiku. Mkiniuliza ni nani hasa wa kufundishwa kwa njia hii, nitawataja hao kwanza.

Kisha nitamtaja binti wa kwetu anayefanya kazi za ndani Muscat. Simu anayo, ruhusa ya kutoka kwenda ibadani hana. Mahubiri ya dakika kumi kwa Kiswahili, yenye wimbo mmoja wa kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu ulioimbwa na kwaya ya nyumbani, ndiyo ibada yake yote ya juma. Nitamtaja na dereva wa lori anayelala Tunduma akisubiri foleni ya mpaka, na mlinzi wa usiku. Msiwadharau hao kwa kuwapa vipande vya kelele na muziki wa kushtua. Wapeni chakula.

Na ipo kazi isiyo na sura kabisa. Kuna mtunza maktaba wa Seminari ya Fort Wayne, Indiana, Robert Smith, aliyeongoza kazi iitwayo Project Wittenberg tangu miaka ya 1990, wakati mtandao ungali mchanga. Waliweka mtandaoni maandishi ya Luther na ya Walutheri wengine, yasomwe na kila mtu bila malipo. Watu wa kujitolea waliketi wakachapa ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyepata umaarufu kwa hilo. Mimi naona hiyo ndiyo huduma bora kuliko nyingi zenye uso na jina, na kwa Kiswahili bado inatungoja sisi. Rekodini Katekisimo Ndogo yote kwa sauti ya polepole, kwa ajili ya bibi asiyeona na kijana asiyejua kusoma. Rekodini tuni za zamani za nyimbo zetu kabla wazee wanaozijua hawajaondoka. Kaeni na wainjilisti wastaafu, waeleze wenyewe jinsi sharika zilivyoanza. Kazi hiyo haitawapa wafuasi wengi kwa haraka. Ifanyeni.

Hapa Tanzania watu wengi wanamfahamu Mwalimu Christopher Mwakasege wa Arusha, mlei wa Kilutheri, ambaye pamoja na mke wake Diana wamefundisha kwa miaka mingi katika Huduma ya Mana, kwa semina za viwanjani na sasa mtandaoni. Namtaja ili msidhani kwamba kufundisha ni mali ya wenye kola peke yao. Mlei anaweza kuwa mwalimu. Lakini hapo ndipo tunapofika kwenye Ungamo la Augsburg, lile lililosomwa mbele ya Kaisari Karolo wa Tano tarehe 25 Juni 1530, ambalo katiba ya kanisa letu inalitambua. Kifungu chake cha 14 ni kifupi kuliko karibu vyote, na kinasema jambo moja: asifundishe mtu hadharani kanisani, wala asitoe sakramenti, bila kuitwa kwa utaratibu. Hadharani, wanangu. Na kuna hadhara gani kubwa kuliko hii mnayotaka kuiendea? Ukifundisha jumuiya ya nyumba kwa nyumba, wanakusikia watu kumi na tano. Hapo mtandaoni anakusikia yeyote, na kesho neno lako limekatwa kipande, limetumwa kwenye kundi la WhatsApp la watu usiowajua, bila ulichosema kabla na ulichosema baadaye.

Mmoja wenu aliniambia kwamba wito wake umetoka kwa Mungu moja kwa moja, usiku, akiwa peke yake. Mwanangu, sikukatalii kwamba Mungu aliugusa moyo wako. Nakuambia kwamba walioona mambo peke yao usiku walikuwepo hata Wittenberg, na Kanisa letu liliamua mapema kwamba Roho Mtakatifu huja kwetu kwa Neno linalosikika na kwa sakramenti zinazoonekana. Wito wa kweli haupotei kwa kupelekwa mbele ya baraza la wazee. Husafishwa.

Mkumbukeni Apolo katika Matendo ya Mitume. Alikuwa msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, mwenye moto. Alikuja Efeso akafundisha kwa ujasiri, na alichofundisha kilikuwa sahihi kwa kadiri alivyojua, ila aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, watu wa kushona mahema, walimsikia. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye akakubali! Msomi akafundishwa na fundi mahema na mkewe, kisha ndugu wakamwandikia barua ya kumtambulisha Akaya. Kipaji, marekebisho, barua: yote yalikuwepo. Siku hizi Apolo wengi wana kipaji, ila hawana nyumba ya Prisila ya kwenda kula na kurekebishwa. Wakiguswa kidogo wanasema wanapigwa vita, wanafungua huduma nyingine.

Kule kwetu mlimani maji ya mfereji yana wazee wake: wanajua chimbuko, wanapanga zamu, wanaita watu kuzibua matope. Mfereji usio na wazee haukauki; hubomoa kingo ukafukia migomba ya watu. Hivyo ndivyo ninavyoyaona mafundisho yasiyo na usharika.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo.

Mnajua kwamba vyeti vile vya rehema ndivyo vilivyomfanya Luther aandike. Mhubiri Johann Tetzel alizunguka akiwaambia watu kwamba fedha zao zitawasaidia ndugu zao waliokufa. Jambo ambalo watu hawakuambiwa ni lile lililokuwa nyuma. Askofu mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa amekopa fedha nyingi kwa wenye benki wa ukoo wa Fugger ili apate cheo chake, na nusu ya makusanyo ilikwenda kulipa deni hilo. Nusu nyingine ilikwenda Roma kwa ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro. Mjane aliyetoa sarafu akimlilia mumewe alikuwa analipa deni la askofu. Na mahubiri yale yalikuwa na nguvu, yalikuwa na machozi, yalikuwa na maneno ya Mungu ndani yake.

Kwa hiyo nikisema usharika ujue madeni ya mwalimu, sisemi kwa umbea. Ukimwona mhubiri mtandaoni anaweka namba yake ya simu chini ya uso wake na kusema panda mbegu upokee muujiza, kuna kitu nyuma ambacho mjane hakioni. Kanisa letu lilizaliwa kwa kukataa biashara hiyo. Mlutheri anayeuza maombi, mafuta au maji amerudi kwa Tetzel, hata kama amevaa joho letu. Luther mwenyewe hakuchukua malipo kwa wachapaji, ingawa wao walitajirika kwa jasho lake. Mke wake Katharina alilima, akafuga, akatengeneza bia, nyumba ikaendeka.

Nanyi mtahitaji fedha za bando, za taa, pengine za kamera yenu wenyewe. Zitafuteni kwa njia iliyo wazi. Akaunti iwe ya usharika. Kilichoingia kisomwe Jumapili katika matangazo pamoja na matoleo mengine na mnada, kila mzee akisikie. Namba ya mtu binafsi isionekane kwenye video hata siku moja, hata kwa dharura, hata kama msiba ni wa kweli. Siku hizi watu hutumia jina na picha ya mchungaji kuomba fedha, na wapo wanaoweza kuiga hata sauti yake kwa kompyuta. Waumini wakizoea kwamba sadaka zetu hupita njia moja tu, tapeli atakosa pa kuingilia.

Kuhusu meza ya Bwana nitasema kwa ufupi, maana nadhani mnanielewa. Mwaka 2020, makanisa ya nchi nyingi yalipofungwa kwa sababu ya korona, ibada zilirushwa mubashara, na hilo lilikuwa jema. Wakaibuka walioshauri kila mtu aweke mkate na divai mbele ya kioo chake, mchungaji atamke maneno akiwa mbali. Sinodi ya Missouri ilikataa, na mimi nakubaliana nayo. Bwana alisema na waliokuwa pamoja naye mezani, akawapa mkononi. Video yenu imwandae mtu kuja, imkumbushe, imtamanishe. Aliyeko Muscat ombeni naye, na akirudi nyumbani apokelewe mezani kwa furaha. Anayekaa mita mia mbili kutoka kanisani na kudai kwamba anaabudu kwa simu, mfuateni nyumbani kwake. Labda anaumwa. Labda kuna aliyemkosea hapa kanisani.

Jambo jingine ambalo vijana hawalioni upesi: Walutheri mnaowasikia mtandaoni si wa kanisa moja. KKKT imo katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Askofu wetu Josiah Kibira alichaguliwa kuwa Rais wake pale Dar es Salaam mwaka 1977. Sinodi ya Missouri haimo katika Fungamano hilo. Sisi tuliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Wao hawafanyi hivyo. Wengi wa walimu niliowataja ni wa Missouri. Nimewasifu kwa haki, maana wanaifundisha Katekisimo vizuri na kwa bidii ambayo natamani tuwe nayo. Lakini binti wa usharika wetu anayejiandaa kwenda Makumira kusomea uchungaji akisikia kwa mwalimu wa Texas kwamba hawezi kuwa mchungaji, ajue kwamba anayesema anasema kwa kanisa lake. Aje amuulize mchungaji wake. Sikilizeni wote, na kwa kila mwalimu ulizeni kwanza: huyu askofu wake ni nani, na anahubiri wapi Jumapili? Mkikosa jibu, simamisheni video hapo.

Waberoya walimsikia Paulo mwenyewe, na bado wakaenda kuyachunguza Maandiko waone kama ndivyo yalivyo. Hawakulaumiwa kwa hilo, walisifiwa. Wafundisheni wasikilizaji wenu kuwachunguza ninyi vivyo hivyo. Kila somo litaje kitabu, sura na mstari, mtu aufungue mwenyewe. Swali msilolijua jibu lake, semeni tutamuuliza mchungaji, na kweli mkamuulize. Mkimjibu mtu mwenye uchungu, msimjibu mbele ya watu wote; mtafutieni usharika wa jirani alipo, KKKT ina dayosisi zaidi ya ishirini na sharika zake ziko mikoani kote, na ndugu zetu wapo Kenya na kwingineko. Simu moja ya mchungaji kwa mchungaji mwenzake ina thamani kuliko video zenu zote za mwezi.

Na ninyi wenyewe, msiache zamu zenu. Nani atafundisha shule ya Jumapili kama walimu wote wanarekodi? Nani atabeba jeneza? Ukisikia moyoni kwamba kufagia kanisa Jumamosi kumekuwa kazi ndogo kwako tangu video yako isambae, pumzika kurekodi kwa muda, ufagie.

Basi fanyeni hivi. Andikeni barua kwa baraza la wazee wa usharika, ukurasa mmoja, mseme mnataka kufundisha nini, kwa ajili ya nani, nani atarekodi, nani atasikiliza kila somo kabla halijatoka, na fedha zitapita wapi. Mchungaji aombwe kuteua mtu wa kuwalea. Kama atanitaja mimi, nitakubali. Yule aliyekwisha kuanza kurekodi ayaweke kando aliyorekodi mpaka jibu litoke. Baraza linakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya ibada ya pili. Barua imfikie katibu wa usharika kabla ya Ijumaa, na wote mliotia sahihi mfike, hata kama baraza litawaweka nje mkisubiri.